Saladi ya kunde na mtama yenye pilipili: mwongozo kamili kuanzia gunia la sokoni mpaka sahani

Kunde za saladi sio kunde za mboga, ukilielewa hilo moja nusu ya kazi imeisha. Mboga tunaichemsha mpaka rojo linakuwa zito na punje zingine zinapasuka, tena tunataka zipasuke, tui la nazi linaingia humo humo na mambo yanakuwa matamu. Saladi inataka kinyume chake kabisa, punje iwe imeiva mpaka katikati lakini nzima, ganda lake mwilini, kavu, haina rojo, ili ndimu na pilipili zipate pa kuingilia. Watu wengi wanachemsha vile walivyozoea, wanachuja harakaharaka, wanakatia nyanya na kitunguu juu afu wanashangaa mbona imekuwa uji uji na chini ya bakuli kuna dimbwi la maji ya rangi rangi. Sio kwamba hawajui kupika, wamepika vizuri sana, ila wamepika kitu kingine.

Nimechagua kunde na mtama mana ndo mchanganyiko naoupenda kuliko yote na vitu vyake huvitafuti sana, Kariakoo vipo, Mwanakwerekwe vipo, Kongowea vipo, na duka la nafaka la mtaani kwako likikosa mtama halikosi kunde. Kunde inaiva haraka kuliko maharage kwa hiyo gesi au mkaa hauumii sana, na mtama unatafunika vizuri, haushikani ukipoa kama unavyoshikana wali. Ukitaka kutumia maharage au dengu (zile Waingereza wanaita chickpeas) au choroko mambo hayabadiliki sana, huko chini ntaeleza.

Mahitaji

Hii inatosha watu 6 kama inaliwa na kitu kingine pembeni, au watu 4 kama ndo chakula chenyewe. Kikombe nachosema ni kile cha mililita 250.

Kunde kavu kikombe kimoja na nusu, hiyo ni kama robo kilo. Mtama mweupe mzima kikombe kimoja. Kitunguu maji chekundu kimoja kikubwa, nyanya tatu ngumu (ngumu kweli, zile zilizoiva sana peleka kwenye mchuzi), tango moja, hoho moja, karoti moja, embe bichi nusu kama ni msimu wake, na kotimiri fungu zima usifanye uchoyo.

Za sosi: ndimu nne au tano kutegemea zina maji kiasi gani, unatafuta robo kikombe cha maji yake. Mafuta ya alizeti vijiko vikubwa vinne. Kitunguu swaumu punje mbili, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, bizari nyembamba (uzile kwa watu wa Unguja, jira kwa Wakenya) kijiko kimoja cha chai, mbegu za giligilani kijiko kimoja cha chai, pilipili manga kidogo, chumvi kijiko kimoja cha chai, na pilipili mbuzi moja au mbili. Kama una asali nusu kijiko cha chai inasaidia kushusha ukali wa ndimu, kama huna usiende kununua kwa ajili hii.

Karanga au korosho zilizokaangwa kiganja kimoja za kunyunyizia juu, sio lazima ila aisee zinabadilisha mambo.

Kununua na kuchambua

Usinunue kwa kuangalia juu ya gunia tu, ingiza mkono chini uchote. Unaangalia vitu vitatu: vitundu vya bungua, unga unga unaoganda mkononi (hiyo ni kazi ya wadudu), na makunyanzi. Kunde zilizokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu zinakuwa ngumu namna ambayo hata ukichemsha masaa haziwi laini ndani, na kibaya zaidi kwenye gunia moja muuzaji anaweza kuwa amechanganya za zamani na mpya, kwa hiyo zingine zinapasuka wakati zingine bado mawe. Kwa mboga utavumilia. Kwa saladi inaharibu kila kitu. Muulize muuzaji mzigo umeingia lini, na kama punje zina rangi moja na zinang'aa kidogo hapo uko salama zaidi.

Mtama chukua mweupe. Ule mwekundu uliokolea wengi wake una ukakasi, unafaa sana kwa pombe na togwa ila kwenye saladi unakauka mdomoni. Na hapa naomba nisikilizwe vizuri: usichukue mtama wa duka la pembejeo, ule wa kupanda. Mbegu zile zimepakwa dawa, mara nyingi utaona zina rangi ya waridi au nyekundu isiyo ya kawaida, na dawa ile haitoki kwa kuosha. Nunua wa chakula.

Karanga kama unatumia chambua moja moja, yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi tupa, usiseme ntakaanga itaisha. Sumukuvu, yani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, kwa hiyo sio hadithi za kutishana.

Ukifika nyumbani mwaga kwenye ungo, peta, toa mawe na vijiti, afu mwagia maji kwenye bakuli. Zinazoelea juu nyingi zimeliwa ndani, ondoa.

Kuloweka

Loweka kunde na mtama vyombo tofauti mana muda wao wa kuiva haufanani. Kunde saa 4 mpaka 6 zinatosha, mtama usiku kucha. Maji yawe mengi, mara tatu ya ujazo wa punje, na kwenye maji ya kunde weka chumvi kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita mbili. Najua bibi zetu wengi wanasema chumvi inafanya punje kuwa ngumu. Kwenye kuloweka ni kinyume, ganda la kunde limeshikiliwa na kalsiamu na magneziamu, sodiamu ya kwenye chumvi inachukua nafasi zao na ganda linalainika na kunyumbulika, kwa hiyo punje ikivimba jikoni ganda linavutika badala ya kupasuka. Na sisi kupasuka ndo hatutaki.

Joto la Dar au Mombasa usilisahau. Ukiacha punje zimelowa mezani kuanzia jioni mpaka asubuhi maji yanaanza povu na harufu ya chachu, kama una friji weka humo, kama huna loweka asubuhi badala ya usiku na badilisha maji katikati. Huna muda kabisa? Chemsha kunde dakika mbili, zima, funika, acha saa moja. Haifikii kuloweka kwenyewe ila inakutoa.

Maji ya kulowekea mwaga yote na usuuze. Ile sukari inayotuletea gesi tumboni sehemu yake inatoka na maji hayo.

Kuchemsha kunde

Maji mapya, yazidi kunde kwa vidole vitatu hivi, kitunguu nusu usichokimenya sana, punje moja ya kitunguu swaumu, basi. Usiweke nyanya, ndimu wala ukwaju kwenye sufuria. Uchachu unazuia ganda kulainika na unaweza kukaa jikoni ukadhani kunde ni mbaya kumbe ni wewe umeweka nyanya mapema.

Washa moto mkali mpaka zichemke kwelikweli dakika 10, toa povu linalopanda, afu punguza. Hapa ndo penyewe. Moto uwe mdogo kiasi kwamba unaona punje zinatikisika tu na kiputo kimoja kimoja kinapanda, sio zinarukaruka na kugongana. Kama ni jiko la mkaa ondoa vipande kadhaa au funika mkaa na majivu kidogo. Zikigongana magamba yanatoka, yakitoka wanga unamwagika kwenye maji na tayari umepika mboga.

Dakika 20 tangu zichemke anza kuonja. Njia ya kienyeji: chota punje tatu nne na kijiko uzipulizie, ganda likifunguka na kujikunja ziko karibu. Afu tafuna. Inatakiwa iminyike kwa ulimi dhidi ya kaakaa bila kuhisi kitu cha chokaa katikati. Onja tano sio moja mana zingine zinachelewa. Kunde mpya zilizolowekwa zinaiva kati ya dakika 25 na 40, zikizidi hapo sana basi ni za zamani au maji yako ni tatizo. Maji ya kisima yale yenye chumvi chumvi, tunayajua wote, yana madini yanayochelewesha kuiva, tumia ya bomba au ya mvua kwa kupikia kama unaweza.

Magadi je? Yanalainisha haraka, ni kweli, ila yanaharibu vitamini B1 na yanaacha utelezi na ladha ya sabuni kwa mbali. Kwa saladi mi siweki kabisa.

Sufuria la presha kwa maharage sawa, kwa kunde zilizolowekwa sipendi, ni dakika chache tu kati ya mbichi na uji na huwezi kufunua kuonja.

Dakika tano kabla ya kuzima weka chumvi kidogo. Zikiiva chuja hapo hapo, usiziache zipoe kwenye maji yake mana zinaendelea kuiva. Maji yake usimwage, weka pembeni kikombe kimoja, kesho yanaingia kwenye mchuzi.

Ukitumia maharage mekundu, soma hapa

Hii sio ya kuruka. Maharage, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili ya jamii ya lektini, na punje nne tano mbichi zinatosha kukutapisha na kukuharisha ndani ya masaa machache. Dawa yake ni rahisi: loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji, afu chemsha kwa maji mapya yanayotokota kabisa angalau dakika 10, wanaotahadhari zaidi wanasema 30. Shida inakuja kwa hawa wenye vyombo vya umeme vya kupika polepole siku nzima, kile chombo kinaweza kisifike kutokota, na maharage yaliyopata joto la wastani bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu kali kuliko hata mabichi. Chemsha kwanza jikoni ndo uhamishie huko. Na yale maharage ya "yameiva kidogo, yana ukorokoro mzuri wa saladi" hapana, maharage hayaliwi yakiwa nusu mbichi.

Mtama

Mtama upike kwa maji mengi kama tambi. Watu wakisikia nafaka wanapima maji kama ya wali, mtama ukinywa maji yote unatoka umeshikana na chini umeungua.

Chuja ule uliolowekwa, mwaga kwenye sufuria kavu juu ya moto wa wastani, geuza na mwiko mpaka maji yakauke na uanze kutoa harufu ya bisi. Dakika saba nane hivi. Hatua hii wengi wanairuka, usiruke, ladha yote ya mtama iko hapo. Afu mimina maji ya moto lita moja na nusu na chumvi kidogo, acha uchemke polepole dakika 40 mpaka saa moja. Punje ikiiva inavimba, zingine zinafunguka kidogo mdomo, ukitafuna inavutika na haina kiini kigumu. Chuja, tikisa chujio vizuri, mwaga kwenye sinia pana uutandaze. Mvuke utoke. Mvuke ukibaki ndani unageuka maji, na maji kwenye hii saladi ndo adui namba moja.

Mtama hauna gluteni, ile protini ya ngano, kwa hiyo wale wenye matatizo na ngano wanakula bila wasiwasi. Halafu ni zao la sehemu kavu, Dodoma na Singida kule mvua chache, Kitui na Tharaka kwa upande wa Kenya, unastahimili jua ambalo mahindi yanakufa. Umoja wa Mataifa uliufanya 2023 mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi ndogo, mtama, uwele na ulezi zikiwemo, lakini mjini bado mtu akisikia mtama anawaza uji wa mgonjwa.

Pilipili na sosi

Anza na viungo vikavu. Kikaango bila mafuta, moto mdogo, mwaga bizari nyembamba na mbegu za giligilani, tikisa mpaka harufu ipande na rangi ikolee kidogo, dakika moja na nusu tu, zikiungua zinakuwa chungu na hakuna cha kuziokoa. Twanga kwenye kinu, sio unga laini, vipande vipande.

Sasa pilipili. Ukali wake hauko kwenye mbegu kama tunavyoambiana, uko kwenye ile nyama nyeupe ya katikati inayozishikilia, mbegu zinakuwa kali kwa kugusana nayo. Kwa hiyo kama unataka harufu ya pilipili mbuzi (na harufu yake hakuna pilipili nyingine inaifikia) bila kulia mezani, kwangua ile nyeupe yote. Kama nyumba yako ni ya watu wa pilipili iache. Pilipili kichaa ina ukali ila harufu yake sio ile, mi naitumia pale mbuzi zikikosekana tu.

Kitu kinachowasha kwenye pilipili kinayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hakiyeyuki vizuri. Ndo mana ukiikatakata na kuitupia tu kwenye saladi mmoja anapata kipande anatokwa jasho na mwenzake anakula hajui kama kuna pilipili. Kwa hiyo pasha mafuta ya alizeti yawe ya vuguvugu kuelekea moto, sio ya kukaangia, weka kitunguu swaumu na tangawizi vilivyopondwa na pilipili iliyokatwa ndogo sana, acha vitoe sauti ya chini chini dakika mbili bila kubadilika kuwa kahawia. Zima, weka bizari na giligilani iliyotwangwa. Mafuta yote sasa yamebeba ukali sawasawa na kila punje itapata mgao wake. Yakipoa kidogo changanya na maji ya ndimu, chumvi, pilipili manga na asali, tikisa kwenye chupa yenye mfuniko.

Mikono: paka mafuta ya kupikia kwanza uisugue, afu osha na sabuni. Maji matupu yanaisambaza tu. Na wenye lenzi za macho, nyie mnajua.

Kama kuna watoto, gawa mafuta mara mbili, ya pilipili weka kibakuli cha pembeni kila mtu ajimiminie. Ikizidi ukali usiongeze maji wala ndimu, ongeza parachichi, au maziwa mgando vijiko viwili pembeni ya sahani.

Kukoleza ikiwa ya moto

Hapa ndo saladi inazaliwa au inakufa. Kunde na mtama vikiwa bado vina moto wa kushikika, mwagia nusu ya sosi, geuza taratibu kwa mikono au mwiko mpana kutoka chini kwenda juu, usivuruge. Punje ya moto inapopoa inavuta kile kilichoizunguka kwenda ndani, kwa hiyo kama kilichoizunguka ni ndimu na bizari basi ndo vinaingia. Ukisubiri ipoe kabisa sosi inabaki nje inateleza, unakula kunde isiyo na ladha iliyopakwa mafuta. Acha kwenye sinia ipoe dakika 20, wakati huo unakata mboga.

Kitunguu kata chembamba, kiminye na chumvi, kioshe, kikamue, mambo ya kachumbari hayo unayajua. Nyanya kata mara nne, toa mbegu na maji yake, afu ndo ukate vipande. Tango hivo hivo, pasua katikati upitishe kijiko kwenye mbegu. Vipande viwe vidogo, ukubwa usizidi kunde mbili zikiwa pamoja, ili kijiko kimoja kibebe kila kitu, sio kijiko hiki tango tupu na kile mtama mtupu. Karoti na embe bichi parua. Kotimiri kata na vijiti vyake vyembamba, harufu iko humo pia.

Mboga hizi zinaliwa mbichi kwa hiyo osha kabla ya kukata, sio baada, kwa maji yanayotiririka, na kama huyaamini maji ya mtaani kwenu suuza na yaliyochemshwa. Kibao kilichokatia nyama au samaki hakigusi mboga hizi mpaka kioshwe na sabuni.

Changanya sasa: mboga ngumu kwanza (karoti, hoho, embe, kitunguu), afu tango na nyanya, afu sosi iliyobaki, mwisho kotimiri. Acha nusu saa kwenye friji. Ndo uonje, sio kabla. Mara nyingi utagundua inahitaji ndimu zaidi na sio chumvi zaidi, mana nafaka inanyonya uchachu. Kijiko kimoja cha chumvi kwa watu sita kinakupa kama gramu moja kila mtu, na Shirika la Afya Duniani linataka tusizidi gramu 5 kwa siku nzima, kwa hiyo una nafasi ya chapati yako. Parachichi na karanga weka mezani dakika ya mwisho.

Kwanini inashibisha hivi

Protini imejengwa na vipande vidogo vidogo, na lisini na methionini ni viwili kati yake. Protini ya nafaka ina upungufu wa lisini, kunde wanayo nyingi. Kunde wana upungufu wa methionini, nafaka wanayo. Vikikutana sahani moja au hata siku moja vinakamilishana, na wazee wa makande na githeri walishalimaliza hilo bila maabara. Gramu 100 za kunde zilizopikwa zina protini karibu gramu 8 na nyuzinyuzi karibu gramu 6, ndo mana ukila saa saba mchana hadi jioni humtafuti mwenye mihogo. Folati (vitamini ya kundi B) pia zipo nyingi, kina mama wajawazito mnaambiwa kliniki kila siku.

Chuma kipo kwenye kunde lakini chuma cha mimea mwili unakinyonya kwa shida, vitamini C ya ndimu, hoho na embe bichi ndo inakisaidia kuingia. Chai ya rangi inafanya kinyume, inakizuia. Kwa hiyo kikombe chako kisogeze mbele kama saa moja baada ya kula, najua inauma.

Kama hujazoea kunde na nyuzinyuzi nyingi anza na sahani ndogo wiki ya kwanza na unywe maji, tumbo linazoea. Mwenye kisukari hii ni nzuri kuliko wali mweupe mana wanga wake unaingia taratibu, ila sio dawa, dozi yako usiiguse bila daktari.

Kuhifadhi na kubeba kazini

Nafaka iliyopikwa ina bakteria wake wanaovumilia kuchemshwa, chakula kikikaa kwenye joto wanaamka na kutoa sumu ambayo hata ukipasha haiondoki. Kanuni ni saa mbili nje ya friji, na joto likizidi nyuzi 32, yani Dar Januari, saa moja. Ndani ya friji siku tatu. Ukiwa unapika kwa ajili ya siku hizo tatu weka kunde na mtama zilizokolezwa peke yake, nyanya na tango kata siku ya kula, vinginevyo siku ya pili una supu baridi. Ya kazini toka nayo ikiwa ya baridi kabisa, funga na chupa ndogo ya maji yaliyoganda.

Mchanganyiko mwingine

Choroko (Wakenya ndengu) na uwele: choroko haihitaji kulowekwa sana, saa mbili, na inaiva upesi mno, usitoke jikoni. Hii mi naiongezea nazi iliyokunwa na ukwaju badala ya ndimu.

Dengu na ngano nzima: dengu loweka usiku kucha, haivurugiki kirahisi hata ukisahau jikoni, kwa mtu anayeanza ndo nzuri kuliko zote. Weka nanaa kwenye kotimiri.

Mbaazi na mchele usiokobolewa, hapo kijiko kimoja cha tui zito kwenye sosi na pilipili mbuzi nyingi. Watu wa pwani hamhitaji maelezo.

Makande au githeri iliyobaki jana ikiwa haijaungwa na ilikaa kwenye friji: suuza rojo kwa maji ya moto yaliyochemka, chuja, koleza ikiwa bado ina moto wa yale maji, endelea kama kawaida. Mahindi yaliyokobolewa yanakuwa bora kuliko yenye maganda.

Mlioko Ulaya na Marekani mtama mtaupata kwenye maduka ya Wahindi na Waethiopia, na kunde zile zenye jicho jeusi ziko kila supamaketi. Za kopo zinafaa, zimwage kwenye chujio uzisuuze vizuri mana zina chumvi nyingi, afu zipashe kwa maji ya moto kabla ya kukoleza, ukiziweka za baridi moja kwa moja hazinyonyi kitu.

Inaliwa na samaki wa kuchoma, mishkaki, yai la kuchemsha, au peke yake na parachichi. Ikifika siku ya tatu na kuna kiasi kimebaki, toa tango na nyanya, kaanga kwenye mafuta kidogo mpaka mtama uanze kurukaruka, vunja mayai mawili juu, hiyo ni asubuhi yako.